Dume la Hereford kwa ng'ombe wa kienyeji: mbona ndama wengine wanatoka bila uso mweupe?

Boma la Misungwi:
Wakuu mwangaluka. Naenda moja kwa moja.

Nina eneo huku Misungwi, siyo ranchi ya kutisha ila sehemu kubwa nimeshazungushia seng'enge, upande wa mtoni ndo bado wazi. Majike ni 45 hivi, hawa hawa zebu wetu wa Kisukuma, machache yana damu ya Boran, wale ng'ombe wa nyama wenye nundu. Mwaka juzi nikavuta dume la Hereford kutoka kwa mfugaji mmoja Kenya, vibali vya wizara nilikata, karantini lilikaa. Jekundu, uso mweupe, halina pembe, pole mpaka watoto wanalishika masikio. Lengo langu ni nyama, nimechoka kukaa na dume la kienyeji miaka mitano ndo nipeleke mnadani na bado mnunuzi analitazama kama namdai.

Sasa ndama wa msimu huu wamenichanganya. Wengi wametoka na uso mweupe kama baba, lakini kuna wengine hawana hata doa, mwili mzima mwekundu au mweusi. Alafu majike mengi hayajashika, yanapandwa yanarudia joto. Dume lenyewe linakula vizuri, mashudu ya pamba na pumba za mpunga kila siku, limenenepa linang'aa. Usiku nalifungia banda lake peke yake kwa sababu ya wezi.

Tatizo liko wapi hapo? Na dume la mbegu la Hereford linachaguliwaje hasa, maana nataka kuongeza la pili. Majibu ya "uza nunua bodaboda" sitaki.

Sato Choma:
Siti ya mbele kabisa. Mkuu weka picha basi, uzi bila picha ni tetesi.

Bujora Boy:
Hapa hakuna fumbo. Hereford pyua anatoa uso mweupe kwa kila ndama, uwe umempandisha jike jeusi, la kijivu, la madoa, uso unatoka mweupe. Ile alama ina nguvu kuliko rangi nyingine. Ndama asiye nayo si wake. Umesema mwenyewe upande wa mtoni uko wazi, basi dume la jirani ndo mkwe wako.

Mnyantuzu:
😂😂 mkwe asiyelipa mahari

Dokta wa Igoma:
Bujora Boy yuko sahihi kwa masharti. Ni kweli Hereford kamili ana vinasaba viwili vya uso mweupe, kwa hiyo lazima ampe kila mtoto kimoja, na kimoja kinatosha kuonekana. LAKINI kama dume lenyewe ni chotara, yaani mama yake alikuwa kitu kingine, linabeba kimoja tu, na hapo nusu ya watoto watatoka na uso mweupe na nusu watupu, na wote ni wake halali. Dume chotara unaweza kulitazama kwa macho ukaapa ni pyua. Kwa hiyo kabla hatujamtukana jirani: una cheti cha kizazi cha hilo dume, au una maneno ya muuzaji?

Boma la Misungwi:
Dokta asante. Nina karatasi ya muuzaji na ya afya. Cheti cha chama cha wafugaji sina, aliniambia kipo kinashughulikiwa.

Mnyantuzu:
"Kinashughulikiwa" 😂 hiyo sentensi naijua, hata kiwanja changu hati yake inashughulikiwa

Bujora Boy:
Boma la Misungwi tupe hesabu basi. Wenye uso mweupe ni nusu au zaidi?

Boma la Misungwi:
Kama theluthi mbili hivi wana uso mweupe.

Bujora Boy:
Theluthi mbili siyo nusu. Jirani huyo.

Dokta wa Igoma:
Kwa ndama wachache hivyo theluthi mbili inaweza kutokea hata pale ulipotegemea nusu, hiyo ni bahati tu ya namba. Na inaweza kuwa dume ni pyua na jirani kachukua theluthi. Hata vyote viwili kwa pamoja. Ungekuwa umeandika tarehe ya kila jike kupandwa tungehesabu, mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, hawa zebu wetu husogea mpaka 290 na ushee. Umeandika?

Boma la Misungwi:
Mchungaji anakumbuka kichwani.

Dokta wa Igoma:
Sawa.

Kaptula Nyekundu:
Me nauliza tu wakuu, Hereford si wale ng'ombe wa Texas wa kwenye sinema za makauboi? Sasa ng'ombe wa Marekani kwenye kupe za Misungwi atatoboa kweli

Mzee wa Ranchi:
Kijana, Hereford ni wa Uingereza, mkoa wa Herefordshire, mpakani na Wales. Kitabu chao cha vizazi kilianza 1846. Marekani walipelekwa 1817 na mwanasiasa Henry Clay, akaanzia nao Kentucky, huko Texas na nyanda za magharibi walienea baadaye. Wasio na pembe ndio wa Kimarekani hasa, Warren Gammon wa Iowa mwaka 1901 aliwatafuta Hereford waliozaliwa bila pembe kwa maumbile akawakusanya. Kwa hiyo dume la mwenzetu kukosa pembe si dalili kwamba limechanganywa na Angus, aina nyingine isiyo na pembe, maana najua kuna mtu alikuwa anakuja kusema hivyo.

Sato Choma:
Shikamoo mzee. Nilikuwa naandika hivyo nikafuta.

Mzee wa Ranchi:
Marahaba.

Nshomile wa Muleba:
Hivi nyie ndugu zetu mmezungukwa na ng'ombe watamu mnaenda kununua wenye uso wa unga. Sisi Kagera ranchi zimejaa, Missenyi, Kagoma, Mabale, Kikulula, tuna Ankole wenye pembe za heshima na tuna Boran. Boran dume zuri linafika kilo 500 mpaka 700 na zaidi, joto halimsumbui, kupe anamzoea, anatembea kilomita na kilomita kutafuta maji. Hereford anakupa nini ambacho Boran hatoi?

Mnyantuzu:
Nshomile hujaulizwa na bado umeleta pembe za heshima 😂 tungojee sasa utuambie ulisoma wapi

Boma la Misungwi:
Kaka Nshomile hoja yako naielewa. Mimi nilitaka damu ya mbali. Boran na zebu wetu wote wana nundu, ni ndugu, ukiwachanganya ongezeko la nguvu kwa ndama ni dogo. Hereford na zebu ni koo mbili zilizoachana zamani sana, chotara wa kwanza anakua kwa kasi kuliko ungetegemea kwa wazazi wake. Ndo nilichofata.

Dokta wa Igoma:
Hapo yuko sahihi kwa kizazi cha kwanza. Shida ni kizazi cha pili. Ukichukua mtamba chotara ukampandisha tena na Hereford unapata robo tatu Hereford, na huyo kupe atamla, jua litamla, kiangazi cha Agosti nyasi zikiwa kama makuti atakonda hadi umuonee huruma. Ukipandisha chotara kwa chotara, ile nguvu ya mchanganyiko inashuka nusu na ndama wanatoka kila mtu na sura yake. Watu wengi wanafurahia kizazi cha kwanza hawana mpango wa mitamba inayobaki.

Nshomile wa Muleba:
Ndo nasema. Mitamba chotara unaipeleka wapi? Kwa Boran. Sasa si ungeanza na Boran tu.

Mzee wa Ranchi:
Hapana, kuanza na kumalizia ni vitu tofauti. Wenzetu walishafanya hii kazi kwa mpangilio. Afrika Kusini, Jan Bonsma alitengeneza ng'ombe wa Bonsmara kwa damu ya ng'ombe wa Afrikaner takriban 5/8 na iliyobaki Hereford na Shorthorn. Australia, kituo cha utafiti kule Rockhampton walitoa Belmont Red, nusu Afrikaner, robo Hereford, robo Shorthorn. Braford nao ni Hereford na Brahman. Hata hapa kwetu ng'ombe wa Mpwapwa alichanganywa na damu nyingi, Sahiwal, Red Sindhi, zebu wetu, Boran, Ankole na kidogo Ayrshire. Utaona mahali pote pa joto damu ya Ulaya haikuachwa ipande ovyo, ilipangwa kwa mchujo. Walikuwa na makundi makubwa, wakachinja wengi wabaya. Mtu mwenye majike 45 hawezi kutengeneza kabila la ng'ombe, anaweza kuuza chotara wa kwanza wote, wa kiume na wa kike, na kuendelea kununua au kuzalisha zebu wa kupandisha. Hiyo ndio biashara.

mama_mitamba:
Shikamoo mzee. Kuuza na mitamba chotara?? Roho inauma jamani, mtamba chotara maziwa anatoa zaidi ya mama yake.

Mzee wa Ranchi:
Marahaba mwanangu. Basi wabakize, wapandishe Boran, na yule dume Hereford asiwakaribie kwa sababu ni binti zake. Dume likikaa miaka mitatu kwenye kundi dogo lazima lianze kupanda watoto wake, hapo unaanza kuona ndama dhaifu na unalaumu wachawi.

Bujora Boy:
Turudi kwenye majike kurudia joto. Mimi nasema jike la zebu joto lake ni fupi, na mengi yanaingia joto usiku. Dume limefungiwa usiku. Asubuhi linatolewa, joto limeisha au dume la jirani lilishapita machungani jioni. Hilo tu linaeleza kila kitu, mimba chache NA ndama wasio na uso mweupe. Kesi imefungwa.

Kaptula Nyekundu:
Dah Bujora Boy umeua

Dokta wa Igoma:
Haijafungwa. Angalieni alichoandika: "yanapandwa yanarudia". Kwa hiyo kupandwa yanapandwa. Maswali yangu ni mengine. Dume moja kwa majike 45 ni mzigo, dume lililokomaa hupewa majike 20 mpaka 25, dume changa chini ya hapo. Pili, lilipofika lilichanjwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe? Homa yoyote kali inaua mbegu, na mbegu mpya zinachukua kama miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo dume lililougua Machi unaweza kuliona limepona Aprili na bado halizalishi mpaka Mei. Tatu, mashudu ya pamba.

Boma la Misungwi:
Mashudu yamefanyaje dokta? Usukumani nani hatumii mashudu.

Dokta wa Igoma:
Mbegu ya pamba ina sumu inaitwa gosipoli. Ng'ombe mkubwa tumbo lake linaipunguza makali ndo maana majike na maksai hayadhuriki kirahisi. Lakini dume likilishwa kwa wingi na kwa muda mrefu, mbegu zinatoka na mikia mibovu, hazina nguvu ya kuogelea. Dume linapanda kama kawaida, hamu ipo, nje huoni kitu. Ukiacha kulilisha, kwa kawaida linarudi hali baada ya miezi kadhaa.

Mfanyabiashara wa Mashudu:
Dokta unataka kutufungia maduka 😅 Nipo kwenye hii biashara, acha niseme ninachojua. Mashudu ya kiwandani yamepita kwenye moto na mashine ya kukamua, sumu nyingi inajifunga humo humo kwenye protini haiachii. Mbaya ni mbegu nzima, ile ambayo haijakamuliwa, na watu wanawapa ng'ombe kwa sababu ni rahisi. Boma la Misungwi unalisha mashudu au mbegu?

Boma la Misungwi:
Mashudu. Ila msimu wa ununuzi tulipata magunia ya mbegu kwa bei nzuri, tukachanganya.

Mfanyabiashara wa Mashudu:
Ehe.

Dokta wa Igoma:
Na hata bila sumu, amesema dume limenenepa linang'aa. Dume la mbegu halitakiwi kunona. Korodani zinahitaji kuwa na baridi kuliko mwili, nyuzi kama 4 au 5 chini, mafuta yakijaa shingoni mwa pumbu joto halitoki. Ng'ombe wa maonyesho huyo, siyo wa kazi.

Sato Choma:
Kumbe ndo maana shemeji yangu 🤐

Mnyantuzu:
Modereta mfute huyu

mama_mitamba:
Mie naomba niseme la kwangu. Nipo Sengerema. Tulipandishiwa majike kwa mirija, yaani uhimilishaji, mbegu ya dume la Ulaya la nyama, mtaalamu alisema ndama atakuwa mkubwa tu. Mtamba wangu mmoja mdogo aliingia uchungu alfajiri, ndama amekwama mabega, tumevuta na kamba, ndama akafa na mtamba akalala siku mbili hasimami. Zebu wetu anazaa ndama wa kilo 20 hivi, Hereford wao kilo 35 mpaka 40. Sasa mnachanganyaje bila kuogopa?

Bujora Boy:
Pole sana dada.

Dokta wa Igoma:
Pole mama. Hata hivyo kuna jambo hapo linasaidia, jike la zebu lenyewe linambana ndama tumboni asikue kupita kiasi, chotara wa zebu mama na dume la Ulaya huwa hazaliwi na uzito wa katikati kabisa, anazaliwa karibu na upande wa mama. Wanaopata shida zaidi ni kinyume, dume lenye nundu kwa jike la Ulaya. Ila hilo haliwahusu mitamba. Mtamba anayezaa mara ya kwanza usimpe Hereford, mpe zebu au Boran mdogo, Hereford waachie majike yaliyokwisha kuzaa.

mama_mitamba:
Yule wangu tumbo lilisahau kumbana ndama

Mzee wa Ranchi:
Mama kasema ukweli na dokta kasema ukweli. Ndiyo maana dume linachaguliwa kwa uzito wake wa kuzaliwa, si kwa ukubwa unaouona leo. Sasa nijibu lile swali la kuchagua maana mmeliacha njiani.

Nimefanya kazi kwenye ranchi miaka mingi, zaidi Boran, lakini Hereford na chotara zake nimewashika. Ukienda kununua, muuzaji akikuonyesha dume limesimama pembeni ya banda usitazame mgongo kwanza, mgongo unajengwa na chakula. Mwambie alitembeze. Tembea nyuma yake. Kwato za nyuma zikanyage karibu na alama za kwato za mbele, magoti ya nyuma yasikaribiane wala yasinyooke kama nguzo, kwa sababu dume linalopanda linabeba mwili mzima kwa miguu ya nyuma, likiumia huko limekwisha hata kama mbegu ni nzuri. Dume la Hereford likikomaa ni kilo 800 mpaka 1,000 na kupita, jike letu kilo 200 na kitu mpaka 300. Kwa hiyo nunua changa, lianze kupanda likiwa jepesi, la sivyo utavunja migongo ya majike.

Halafu korodani, upime kwa utepe, usikisie. Dume la umri wa mwaka na miezi mitatu mzunguko usipungue sentimita 30, likipita miaka miwili usipungue 34. Ziwe mbili zinazolingana, zinateleza ndani ya mfuko, hakuna uvimbe. Na dume lenye korodani kubwa mabinti zake huwahi kuingia joto, hiyo ni faida usiyoilipia. Tazama govi lisining'inie mpaka kwenye miiba.

Halafu macho, na hapa ndipo watu wetu wanakosea kwa Hereford. Uso mweupe ni mzuri sokoni, lakini ngozi nyeupe kuzunguka jicho haina kinga ya jua, na Hereford wanajulikana kwa saratani ya jicho. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kutoka ikweta. Chagua lenye duara jekundu kuzunguka macho yote mawili, tuliwaita wenye miwani. Na nywele. Bonsma aliwahi kusisitiza hili kwa ng'ombe wa nchi za joto, mwenye nywele fupi laini zinazolala anastahimili, mwenye manyoya marefu yanayosimama anahema mchana kutwa na hali chakula. Ukiona dume la Hereford bado lina manyoya ya mikunjo wakati wa jua kali, liache na uzuri wake.

Mwisho usipende fupi nene. Marekani miaka ya 1940 na 1950 waliwachagua hao kwa sababu ya mashindano ya maonyesho, wakaanza kuzaliwa Hereford vibeti wasiokua, wakaja kugundua walikuwa wanakusanya kasoro ya urithi bila kujua.

Boma la Misungwi:
Mzee wabeja sana. Langu jicho la kulia lina miwani, la kushoto jeupe tupu. Korodani sijapima.

Kaptula Nyekundu:
Nani atampima dume la kilo 700 pumbu na utepe wakuu, mimi hapana

Mzee wa Ranchi:
Kwenye kibano cha kumbania ng'ombe. Si ndio maana ya kibano.

Mnyantuzu:
Nadhani anaongelea kibano cha polisi

Mchinjaji Nyakato:
Mimi niko upande wa pili wa hii biashara, nachinja. Niwaambie tu ukweli kwa upendo, uso mweupe kwenye ndoano hauonekani. Mimi nanunua mnadani kwa jicho na kwa kushika, kiuno kimejaa, kishina cha mkia kina mafuta, basi. Chotara anayekuja na miaka miwili na nusu nyama yake laini hilo nakubali, hoteli zinaitaka, ila mwenye bucha ya mtaani hanilipi zaidi kwa ulaini, ananilipa kwa kilo. Kwa hiyo kama unafuga Hereford hakikisha mnunuzi wako ni wa hoteli au wa mnada wa Pugu huko Dar. Ukimleta kwangu nitamlipa kama zebu mnene.

Nshomile wa Muleba:
Sasa mmeona.

Boma la Misungwi:
Mchinjaji lakini zebu mnene wa miaka mitano na chotara wa miaka miwili na nusu, mimi nimeokoa miaka miwili na nusu ya malisho, josho, dawa na mshahara wa mchungaji. Hata ukinilipa sawa nimepata.

Mchinjaji Nyakato:
Kama hajafa kwa ndigana njiani, ndiyo.

Mkurya Halisi:
Huku kwetu Mara jamaa alileta Hereford, akaliweka na ng'ombe wake wa kawaida kwenye kupe, hakuchanja hakuogesha, akasema litazoea. Halikuzoea. Tezi chini ya masikio zikavimba, homa, likakohoa povu, wiki mbili habari imekwisha. Alikula nyama yake mwenyewe, ya bei kuliko zote Tarime.

Dokta wa Igoma:
Ndigana kali ya wazi kabisa hiyo. Chanjo ipo, ni sindano ya mara moja pamoja na antibayotiki ya muda mrefu, ng'ombe anawekwa hereni sikioni. Ila inakinga ndigana kali peke yake, ndigana baridi, mkojo damu na maji moyo bado wanahitaji josho. Josho kila wiki kwa dume kama hilo, na dawa ipimwe vizuri siyo kukadiria kwa kopo la rangi.

Halafu kuna kitu sijakitaja makusudi nilikuwa nasubiri. Dume likipanda jike likarudia joto, jingine likarudia, kuna magonjwa yanayoenezwa kwa kupandana, trikomonasi na vibrio. Dume linayabeba halionyeshi dalili yoyote, jike linashika mimba, mimba inakufa mapema, mfugaji anaona kama halikushika. Na kama dume la jirani nalo linapanda majike hayo hayo, basi wanagawana. Ukiongeza brusela, ambayo inatupa mimba kubwa na inampata hata binadamu kwa maziwa mabichi, utaona kwamba kabla ya kununua dume la pili inabidi upime la kwanza. Maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, ipo hapa hapa Mwanza, na ukitaka mbegu za dume ziangaliwe kwa hadubini ongea na watu wa uhimilishaji wa kanda, wakishindwa watakuelekeza NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River.

Bujora Boy:
Dokta umeleta magonjwa ya zinaa ili kumkwepa jirani.

Dokta wa Igoma:
Jirani yupo humo humo kwenye maelezo yangu ukisoma vizuri 😀

Sato Choma:
Swali la kijinga, kwanini asiache kabisa dume atumie mirija? Dume haugui, haibiwi, hali mashudu.

mama_mitamba:
Nani ataona joto la jike la zebu saa nane usiku? Mimi nimejaribu. Mtaalamu anafika saa nne asubuhi na mtungi wake, jike linamtazama tu. Mirija kwa zebu wa machungani mpaka uwachome sindano za kuwaingiza joto pamoja, na hiyo ni gharama nyingine.

Bujora Boy:
Asante mama. USIKU. Nimesema toka mwanzo usiku.

Mfanyabiashara wa Mashudu:
Kwa wanaouliza inbox, ndiyo mzigo upo, mashudu siyo mbegu, naleta mpaka ng'ambo, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguka hatusubiri tena kivuko na ng'ombe wanalia kwenye lori.

mama_mitamba:
Nitakutafuta. Bei ya gunia iwe ya kirafiki.

Boma la Misungwi:
Wakuu nimewasoma wote. Nitakachofanya: nasimamisha mashudu kwa dume, nalifungulia usiku lilale na majike, naziba upande wa mtoni, napunguza majike yake mpaka 25, na damu inaenda maabara. Yote kuanzia wiki hii.

Dokta wa Igoma:
Vizuri, ila ukibadilisha yote kwa mpigo na mimba zikashika hutajua ilikuwa nini.

Mnyantuzu:
Dokta mwenzio anataka ndama hataki shahada

Dokta wa Igoma:
Na akinunua dume la pili akarudia kosa lile lile ambalo hakulijua?

Bujora Boy:
Boma la Misungwi hebu jibu hili moja tu. Hilo dume la jirani likoje?

Boma la Misungwi:
Jeusi, nundu kubwa. Na niseme tu, wale ndama weusi ambao hawana uso mweupe ndo wamekaa vizuri kiangazi hiki kuliko wa Hereford.

Nshomile wa Muleba:
🤣🤣🤣🤣 nimeondoka

Dokta wa Igoma:
Kiangazi kimoja hakitoshi. Wavalishe namba masikioni wote, uwapime kwa utepe wa kifua wakiachishwa, siku 205 ndo kipimo chao, halafu tena wakifika mwaka. Na uniambie mama zao ni akina nani, maana jike lenye maziwa mengi linamfanya ndama wa dume lolote aonekane bingwa.

Boma la Misungwi:
Utepe wa kupimia Mwanza mjini naupata duka gani la mifugo?

Mfanyabiashara wa Mashudu:
Njoo inbox.